Shavu la Mama Dorothée

Siye wachoraji wa Bunia tuko na zambi moja: kikopo cha rangi ya mwili. Kahawia na nyeupe mingi, imekorogwa tayari, na kila sura ya marehemu inapakwa ile ile, hata kama alikuwa mweusi namna gani. Eti inamupa heshima. Heshima gani? Mimi, Musoki, nilitupa kikopo yangu.

Niliitupa nilipotoka safari ya Ulaya. Wachoraji wenzangu wa safari walizunguka maduka. Mimi, majuma matatu nzima, nilikuwa mu musée, nyumba ya makumbusho, pua karibu na tablo za wachoraji wakubwa wa zamani, mpaka mulinzi akanichoka. Niliona namna walikuwa wanaanza ngozi na kijani, wanaweka nyekundu juu yake polepole. Mu kona ya tablo moja kulikuwa mutumishi mweusi, na kwenye paji lake muchoraji aliweka bluu ya dirisha. Nililia pale pale. Miaka mia ine, na yule muzungu alimuangalia vizuri kupita siye tunavyoangalia watu wetu!

Basi Vital alipoomba sura ya marehemu mama yake, Dorothée, kwa siku ya kutosha matanga, siku ya kumaliza kilio, nilimuchora vile nilimujua sokoni: mweusi tii, kijani chini ya macho, bluu kwenye mashavu. Picha zake zote ziliungua wakati wa vita, pamoja na nyumba yao kule Bogoro. Muzee Antoine, bwana yake na baba ya Vital, hakuwa na sura ingine ya kuangalia.

Vital alifika asubui ya siku yenyewe.

"Umemufanya mweusi sana! Barabara ya Bogoro imefunguka tena, wageni wako njiani. Watasema nini?"

"Watasema ni Dorothée."

"Mweupishe kidogo."

"Aka! Hata ukinipa Bunia muzima!"

Vital akakamata burashi yangu, akachovya mu nyeupe, akapaka shavu la mama yake mbele ya macho yangu. Nilimurukia, lakini nilichelewa.

Muzee Antoine akaingia wakati ule, amevaa koti yake ya matanga. Akasimama mbele ya tablo, akacheka kidogo. "Doro, ni weye." Kisha akaona shavu. Akasogea karibu, akaonyesha kidole ile doa nyeupe, kama kovu ya moto.

"Musoki, nani aliunguza muke yangu?"

Vital alikuwa angali na burashi mu mukono. Nilichovya kitambaa mu petroli, nikamupa.

"Rangi yangu imekauka, haitatoka," nikamuambia. "Yako ingali mbichi. Pangusa, baba yako anaangalia."