Nyuma ya Kitambaa cha Meza

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, Mwanvua alikaa barazani kwao Rumonge, akageuza kitambaa cha meza ili akate nyuzi zilizozidi, akaona nyuma yake kuna mtu anazamishwa.

Mbele, kitambaa kilikuwa vilevile kama kilivyoagizwa: waridi nane pembezoni, njiwa wawili katikati, na chini yao KARIBUNI WAPENDWA kwa uzi mwekundu. Nyuma kulikuwa na ziwa. Mawimbi yalikuwa yamedariziwa kwa mshono wa mnyororo, mshono ambao Mwanvua hakuutumia mahali popote katika kazi ile. Wanaume wawili walisimama majini hadi kiunoni. Mmoja, mwenye shati la kijani, alikuwa amemshika mwenzake kisogoni kwa mikono miwili, anamwinamisha. Yule anayeinamishwa alivaa koti la suti lililotoboka kiwiko.

Hakuna mtu Rumonge asiyelijua koti lile. Lilikuwa la Lukeba, muuza vitabu, aliyezikwa wiki tatu zilizopita.

Mwanvua alipapasa kitambaa. Mbele kulikuwa kukavu. Nyuma kulikuwa kumelowa, na kunanuka ndagala, dagaa wa ziwani. Akakianika kwenye kamba, waridi zikitazama barabara, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kitambaa kilikuwa cha harusi ya Nour, binti Faridi, na Faridi ndiye mwenye mashine ya kukamua mawese kule Kizuka. Harusi ilikuwa Jumamosi. Na kwa watu wa kule, kitambaa cha meza ya harusi hakiwekewi chakula kabla ya wanawake wa upande wa bwana harusi kukipindua. Mbele, hata mvivu atapamba. Nyuma ndiko kunakosema mkono wa mtu: fundo liko wapi, uzi umerukwa wapi, wapi alichoka akalala. Kitambaa chenye mafundo nyuma, wanasema, ni nyumba yenye siri. Kwa hiyo Mwanvua alikuwa hajawahi kuacha fundo tangu aanze kazi, na sifa hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake.

Ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia padri mmoja mzee alikufa, na waliosafisha chumba chake walimletea Lukeba masanduku matatu ya vitabu. La kwanza lilikuwa la riwaya za upelelezi. La pili, la kazi za mapambo: kudarizi, kunakshi milango, kupaka vyungu, kusuka mikeka. La tatu lilikuwa la wanafalsafa wa Kiyahudi wa zamani mno, watu waliokufa hata jiji la Bujumbura halijaota majani, na sanduku hilo hakuna aliyelitaka, hata wauza karanga, maana kurasa zake nyembamba zilipasuka zikifungiwa karanga.

Mwanvua alikuwa ameishia darasa la sita. Alikwenda kwa Lukeba kutafuta maua.

"Maua iko," Lukeba alimwambia. "Lakini ukichukua maua unachukua na maiti, halafu unachukua na muyahudi. Kimoja kimoja siazimishi."

"Muzee Lukeba, mimi nadarizi mito ya maharusi. Maiti nitaiweka wapi?"

"Weka chini ya muto. Chukua, binti yangu. Mboga bila ugali inaharisha."

Basi akachukua. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi, akasoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Aliporudisha vitatu alipewa vitatu. Katika riwaya alijifunza kwamba mwenye kosa huwa ameshapita mbele ya msomaji mapema, tena akiwa mpole, na kwamba mtu huacha mkono wake katika kila anachokifunga. Katika vitabu vya mapambo alijifunza majina ya mishono aliyokuwa akiishona siku zote bila kujua kuwa ina majina. Na katika sanduku la tatu alikutana na mzee mmoja aliyeandika kwamba kila kitu kina nyuso mbili, mmoja wa macho na mmoja wa akili, na kwamba ule usioonekana ndio uliotangulia.

"Huyu alikuwa fundi wa kudarizi," Mwanvua alisema siku alipokirudisha.

"Ndiyo," alisema Lukeba. "Wakamunyima sindano, akaandika."

Lukeba alikuwa na jambo lake. Baba yake aliacha michikichi Kizuka alipokimbilia Tanzania na watoto, na Lukeba aliporudi, amezeeka, alikuta michikichi ile inalisha mashine ya Faridi. Lakini alikuwa na karatasi ya shamba ya baba yake, yenye muhuri. Alimwambia kila aliyemuuliza kwamba ameificha ndani ya kitabu. Kitabu gani, hakusema. Alisema tu kwamba Jumatatu ataipeleka kwa wakubwa.

Jumatatu asubuhi alikutwa anaelea ufukweni Gatete. Gunia lake la vitabu lilikuwa mchangani. Watu wakasema alikwenda kuoga. Lukeba, ambaye aliogopa ziwa hata akawa anaogea kikombe.

Siku ya mazishi Mwanvua aliliona gunia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kamba ya mgomba, imezungushwa mara tatu kuelekea kushoto, ncha ikachomekwa ndani. Hivyo ndivyo yanavyofungwa magunia ya chikichi kwenye mashine ya Faridi. Lukeba hakuwahi kulifunga gunia lake kwa kamba. Alilibana kwa pini kubwa ambayo Mwanvua mwenyewe alimpa. Aliliangalia fundo lile, kisha akaangalia chini. Hakumwambia mtu. Katika riwaya, anayejua akanyamaza hufa katikati ya kitabu. Anayejua akasema hufa mapema zaidi.

Alhamisi ile ile aliketi kukifumua kitambaa. Alifumua mawimbi yote. Waridi za mbele hazikutikisika. Nyuzi zilitoka zikichuruzika maji, akazitia kwenye bakuli, bakuli likajaa. Alipomaliza sala ya alasiri na kurudi, ziwa lilikuwa limerudi mahali pake. Akafumua tena. Mara ya tatu mwenye shati la kijani alikuwa amegeuza uso, anamtazama. Alikuwa na pengo la juu, na pete mbili katika kidole kimoja. Alikuwa Faridi.

Mama yake, Asiya, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama.

"Usifumue tena, utakitoboa."

"Mama, Jumamosi watakipindua."

"Wacha wapindue. Fundo iko?"

"Hakuna."

"Basi unatetemeka nini?" Asiya akasogeza kitambaa kwenye mwanga. "Ni yeye kabisa. Hata pengo. Mwanangu, nani hapa hajui? Wewe unafikiri tunahitaji kitambaa?"

Akarudi jikoni, maharage yasiungue.

Ijumaa Mwanvua alishona bitana nyeupe nyuma, kingo zote nne, akamshukuru Mungu. Kufikia jioni picha ilikuwa imetokea kwenye bitana, kubwa kuliko ya kwanza, na majini sasa alionekana pia samaki mmoja, mukeke, anapita zake. Alitoa bitana. Usiku hakulala vizuri. Chini ya godoro lake kulikuwa na kitabu cha mwisho alichopewa na Lukeba, cha yule mzee wa nyuso mbili, na kati ya kurasa zake nyembamba kulikuwa na karatasi nene, ya zamani, yenye muhuri. Alikuwa ameigundua siku mbili baada ya mazishi. Hakuwa ameigusa tena.

Alifikiria kusema anaumwa. Lakini wangetuma mtu kuja kuchukua kitambaa, na huyo mtu angeingia ndani.

Jumamosi sebule ya Faridi ilijaa. Upande wa bwana harusi walitoka Bujumbura na magari mawili, na miongoni mwao alikuwamo ami wa bwana harusi, Muzee Darwesh, aliyefanya kazi ya upelelezi miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mwanvua aliposikia hivyo alishika fremu ya mlango wa jikoni. Ukurasa huu aliujua. Watu wote wamekusanywa chumba kimoja, mwenye kosa anamimina vinywaji, na yule mzee mwenye miwani anakohoa kidogo na kuomba dakika moja.

Shangazi wa bwana harusi, Ruqaya, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, alikikamata kitambaa kwa pembe mbili, akakipindua juu ya meza.

Wanawake wakainama. Kilichosikika ni bangili tu.

"Fundo hakuna," alisema Ruqaya baada ya kupitisha kidole mistari yote.

"Angalia mawimbi, dada. Munyororo mutupu, na hakuna hata moja lililopinda."

"Lakini kumelowa hapa. Samiha, leteni taulo."

Samiha, mama wa bibi harusi, alileta taulo, akapangusa ziwa taratibu, akianzia pembeni. Taulo likalowa, akaleta jingine.

Ndipo Muzee Darwesh akakohoa, akavaa miwani. Mwanvua alisogea nyuma ya mlango.

"Huyu anayezamishwa," alisema Darwesh, "si ndiye yule wa vitabu, muliyenieleza?"

"Ndiye," alisema Samiha. "Mungu amurehemu."

"Amina," wakaitika wote, na Faridi naye.

"Na huyu anayemuzamisha ana pete mbili kwenye kidole kimoja."

Wote wakamwangalia Faridi, aliyekuwa anamimina Fanta. Pete zikagonga chupa.

"Zimegoma kutoka," alisema Faridi. "Nimejaribu hata na sabuni."

"Vidole vinavimba tukizeeka," alisema Darwesh. Akatazama kidogo tena, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaitia mfukoni. "Mushonaji iko wapi?"

Wakamsukuma Mwanvua mbele. Alikuja na sinia lake mkononi.

"Binti, una jicho. Kazini kwetu tungekuajiri."

Watu wakacheka. Ruqaya akakigeuza kitambaa, waridi juu, akakinyoosha kwa viganja, na pilau ikawekwa juu ya njiwa. Walikula vizuri. Sehemu ya Darwesh ndiyo iliyokuwa juu ya koti la Lukeba, na aliongezewa nyama mara mbili.

Baadaye Mwanvua alikuwa uani, anasuuza sahani kwenye pipa la maji, kivuli kikaangukia mikono yake.

"Dada Mwanvua," alisema Faridi. Alikuwa mpole siku zote, Faridi. "Murakoze sana. Umetupa heshima mbele ya wageni."

"Asante, baba Nour."

"Kosa moja tu. Si kosa kubwa. Shati."

Mwanvua alichukua sahani nyingine.

"Siku ile sikuvaa la kijani. Lilikuwa bluu. La kijani nilimupa mudogo wangu tangu Ramadhani."

"Nisamehe, baba Nour. Uzi wa bluu uliniishia."

"Nitakuletea." Hakuondoka. Alichovya vidole pipani, akaviangalia vikidondosha maji. "Yule muzee alikuwa anakuazimisha vitabu, si ndiyo? Cha mwisho kilikuwa cha nini?"

"Cha maua," alisema Mwanvua.

"Maua," alisema Faridi. "Maua ni mazuri." Akakung'uta vidole, akarudi kwa wageni.

Jumatatu uzi ulifika, vidonge kumi na viwili vya bluu nzito inayong'aa, na kitambaa kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Mwanvua alifumua shati la kijani. Safari hii halikurudi lenyewe. Lilingoja mkono wake. Alijaza bluu, kola na mikono, akaweka hata vifungo. Samiha alikuja kukichukua, akakipindua, akasema sasa ndivyo, akaagiza foronya nne za chumba cha maharusi. Barabarani malori yalikuwa yanapita na chikichi za msimu kutoka Kizuka, magunia yamefungwa mara tatu kuelekea kushoto.

Jumatano alimaliza foronya ya kwanza: jina la Nour katika shada la yasmini. Alikata uzi. Kisha akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na baraza, ile ile aliyokalia. Aliitambua nguzo iliyopasuka, aliutambua mkeka. Mwanamke kijana alikuwa ameinamia kitambaa, na chini ya paja lake kulitokeza pembe ya kitabu cha kurasa nyembamba. Nyuma yake alisimama mwanamume. Miguu yake ilikuwa imeshadariziwa, na mikono, na pete mbili. Shati lake lilikuwa mistari mitupu, halijajazwa.

Mwanvua hakugeuka kutazama nyuma. Alipitisha kidole mistari yote, polepole, anatafuta fundo. Halikuwepo. Akalamba ncha ya uzi, akaipitisha kwenye tundu la sindano. Uzi wa bluu ulikuwa bado mwingi.