Kamba ya Lutengano

Kamba ilivutwa mara moja. Yusta naye akaivuta mara moja. Maana yake: nipo. Akaendelea kuchuma mchicha, miguu imekufa ganzi kwenye matope ya bondeni, Ilomba, baridi ya Juni ikimng'ata vidole. Ncha moja ya kamba ilikuwa kiunoni mwake, nyingine kiunoni mwa mjukuu wake, Lutengano, aliyeketi kwenye gunia juu ya tuta. Mtoto wa miaka minne, haoni, hasikii, tangu kuzaliwa. Mama yake alikwisha kuwa udongo.

Mara mbili maana yake njoo ule. Hakuna aliyemfundisha bibi huyo. Zamani mtoto angali wa mgongoni, alimpeleka kwa Devotha, afisa ustawi, akajibiwa: "Mdogo hivi hafundishwi. Akifika miaka saba, mlete." Basi akarudi kutumia akili zake, maana tumbo la mtoto halijui kungoja miaka.

Gari jeupe likasimama ukingoni mwa shamba. Akashuka Devotha yule yule, nyuma yake dereva wake, Vitus. Jirani alikuwa amepeleka maneno.

"Bibi, umemfunga mtoto kama mbuzi!"

"Sijamfunga, mwanangu. Kitendawili!"

"Tega," Vitus akaropoka.

"Mimi huku, mwenzangu kule, twaongea bila mdomo."

Devotha hakucheka. "Jibu ni kamba, na kamba ni ukatili. Vitus, kata."

Kisu kikapita. Lutengano akavuta. Kamba ikamjia yote, nyepesi. Akaikusanya mapajani, akaitafuta ncha, akaigusa kwa ulimi. Kisha akapiga ukelele ambao mwenyewe hakuusikia.

"Anakwenda kituo cha watoto, Iringa. Shukuru sijaja na polisi."

"Huko kuna mtu wa kuongea naye?"

"Kuna vitanda, kuna uji wa maziwa."

"Wa kuongea naye, nauliza."

"Ee bibi, huyu ataongea nini?"

Yusta akapiga magoti kwenye matope. "Nifundishe basi kuishi naye bila kamba. Nifundishe leo, naitupa leo."

"Mimi kazi yangu kuokoa. Kufundisha ni idara nyingine."

"Iko wapi, mwanangu, niende hata kwa miguu?"

Devotha akatazama saa yake.

Vitus akambeba mtoto mbavuni kama debe la viazi, akamsukumia kwenye kiti cha nyuma, Devotha akakaa naye. Yusta akafika mbio, akabandika viganja kwenye kioo. Ndani, Lutengano alikuwa anapapasa: kiti, mlango, mkono wa koti, nywele, shavu la afisa, pua yake, hereni.

"Anatafuta uso wangu!" Yusta akapiga kelele. "Mwache aguse! Akigusa atatulia!"

"Madam, huyo atakung'oa sikio," Vitus akacheka, akawasha gari. "Na safari ndiyo kwanza inaanza."

Devotha akavua mtandio shingoni. Akaishika mikono ya mtoto, akaviweka viganja pamoja, akazungusha mtandio, akazungusha tena, akakaza fundo kwa meno.

"Ni mpaka Iringa tu," alisema, kana kwamba kuna aliyemuuliza.

Mtoto akanyamaza ghafla. Devotha akamfuta kamasi, akamrekebishia kola, akatoa simu. Akampiga picha ya kupeleka ofisini, kuonyesha mtoto ameokolewa. Kuanzia mabegani kwenda juu.