Yule Ng'ambo ya Barabara

...na dirisha linafunguka vizuri, anasema mama mwenye nyumba, ufunguo unaning'inia kidoleni mwake, niunyakue tu nishuke, lakini ameinama anachungulia barabarani, mdomo ameubenua, na pale yupo dada yangu, mbele ya duka la viatu, tumbo limemtangulia, anajifanya anachagua viatu na kwa miguu ilivyovimba hakuna kitakachomwingia, nilimwambia asimame mbali, ubishi wake utatuponza, hapana, maskini, asimame wapi... "Yule ng'ambo ya barabara, unamjua?" namjua, tumelala kitanda kimoja tangu utoto, mpaka leo ananipiga mateke usingizini, tumbo moja, ziwa moja, ila mimi nilifanana na bibi mzaa baba, yeye akamchukua mama, kisa kizima ni hicho, na kule tulikozaliwa hakikuwa kisa, kule sote wawili tulikuwa weusi, tulifukuzwa madukani pamoja, tukapanda basi weusi wawili, tukashuka huku mmoja mweusi, mwingine wakamwita mweupe, na ngozi ni ileile, hata mafuta tunapaka ya kopo moja, sasa nani alinibadilisha, dereva?... na tangu hapo nyumbani ni mtumeni mweupe, kazi akaulize mweupe, hospitali akaongee mweupe, maana dada akiuliza kwenye simu vyumba vipo, akifika vimeshapangishwa, na mtoto hasubiri, mwezi huu huu anakuja, hatuwezi kumleta kwenye kile kibanda kinachovuja... na huyu mama si mbaya, ndicho kinachoniuma, kanipa chai, kaniita mwanangu, anasema hapa tunaishi watu wa namna moja, anacheka kidogo, ananigeukia, "Au ni mfanyakazi wako? Kama ni wako hakuna neno, atapitia mlango wa nyuma"... jamani, kalisema mwenyewe, jana nilipokuwa nikimkanda dada miguu alisema hivyohivyo, sema mimi ni mfanyakazi wako, mdogo wangu, heshima haiezeki nyumba, tukacheka mpaka machozi, leo sicheki, ni ndiyo moja tu, fupi, tupate paa, lakini ndiyo hiyo haitaishia hapa, nitaisema tena kesho ngazini, keshokutwa mbele ya majirani, na mtoto atazaliwa mtoto wa mfanyakazi, atafunzwa kuniita bosi, mimi, mama yake mdogo, mama mdogo ataniita kwa kunong'ona mlango ukishafungwa, mpaka siku moja mlango utafungwa naye aendelee kuniita bosi, bila kuambiwa, na nikisema hapana, ni dada yangu, mama mmoja baba mmoja, basi nitageuka mweusi hapahapa dirishani, chai haijapoa, ngozi ileile... nilidhani mimi ndiye ninayemfungulia milango, kumbe kila ninapoingia kuna wa kubaki nje... "Mwanangu?" anasema, ufunguo bado unaning'inia, na kule chini dada ameinua uso, ananitazama, hanipungii mkono, tulikubaliana asinipungie.