Kopo la Mgonjwa Mtiifu

"Tangu mashine ya kupimia presha ivumbuliwe, hajatokea mgonjwa mtiifu kama mimi!"

Hayo aliyasema Fundi Springi, mtengeneza makochi, huku midomo yake imebana misumari midogo ya kupigilia kitambaa. Alikuwa na kipaji hicho: aliweza kujaza misumari mdomoni na bado akajisifu bila kumeza hata mmoja. Aliyekuwa akiambiwa ni mteja aliyekuja kuulizia kochi lake, naye, kama wateja wote, aliitikia kwa kichwa ili kazi iende.

"Chumvi nimeiacha. Mafuta nimeyaacha. Sukari tukikutana njiani hatusalimiani."

"Hongera, fundi. Na kochi langu?"

"Kochi linakuja. Mimi nakuambia habari za uhai, wewe unaniambia habari za kochi! Daktari kasema nile karoti. Nakula karoti mpaka sungura wananionea wivu."

Ya sungura hatuyajui. Tunachojua ni kwamba karoti zile zilikuwa na mlaji wake wa kila siku, na mlaji huyo alikuwa na mkia.

Kila asubuhi mke wa Springi aliamka mapema akamfungia mumewe chakula cha mgonjwa: karoti, tango, kabichi iliyochemshwa bila chumvi, na pengine kipande cha papai kama pongezi. Vyote aliviweka kwenye kopo la bati, kuukuu, ambalo tangu siku lilipoangukia sakafuni kibanio chake kilipinda na kuanza kuwa na maringo. Kulifungua kulitaka ufundi. Kwanza unaligonga pembe kwenye kitu kigumu, kisha unabonyeza kibanio kwa kidole gumba, ndipo unavuta sikio la kifuniko kwa ubavu. Ukikosea hapo, utashinda njaa na chakula umekipakata.

"Mwizi akiiba kopo hili," mkewe alipenda kusema, "atalirudisha mwenyewe, apige hodi, aombe afunguliwe."

Siku ya kwanza ya masharti ya daktari, Springi alitoka na kopo lake mlango wa nyuma wa karakana, mahali palipokuwa na kijito na miti iliyofungamana. Akalifungua. Akaitazama kabichi, na kabichi ikamtazama. Hapakuwa na mapenzi upande wowote. Akachukua kipande cha tango, akakirusha kichakani kwa hasira za mtoto aliyekatazwa pipi, na kabla hakijagusa ardhi mkono mwembamba mweusi ukakidaka. Alikuwa tumbili jike, na mtoto wake amemng'ang'ania tumboni kama kifungo cha shati.

Springi akafurahi. Hakutupa chakula, bali kakigawa! Hata dhamiri yake, ambayo haikuwa na makelele mengi, ilikubali. Kesho yake akampa na karoti. Keshokutwa tumbili alimsubiri mlangoni. Springi akambandika jina, Mgonjwa Mwenza, na kila adhuhuri wakakaa pamoja, mmoja juu ya gogo na mwingine juu ya fremu ya kochi lililovunjika. Alipokuwa akifungua kopo, tumbili alikodolea mikono yake macho bila kupepesa. Akimaliza kula alimrudishia kopo tupu, naye Springi akalifunga. Kuna siku aliitwa mbele na mteja, aliporudi akakuta kopo liko wazi na tumbili anatafuna. Akajilaumu kwa kusahau kulifunga.

Kila tumbili akishakula, fundi wetu alivuka barabara kwenda kwa Mama Chipsi.

"Nifungie za mteja wangu," alisema, akitazama pembeni kama mtu anayemsaidia jirani. "Chumvi usiionee huruma. Mteja mwenyewe anaipenda."

"Mteja wako huyu anakula kila siku na kochi lake haliishi?"

"Ni kochi kubwa."

Alizila akiwa amejificha nyuma ya kochi lililosimamishwa wima, akafuta midomo kwa kipande cha kitambaa cha mito, na jioni akarudi nyumbani akiwa na kopo tupu.

"Umekula yote, baba watoto?"

"Nimelamba mpaka kwenye pembe."

Mkewe alikuwa akitabasamu hapo, tabasamu la mtu aliyetua mzigo. Mama yake mzazi alianguka jikoni kwa ugonjwa huo huo wa presha na hakuinuka. Springi alilijua hilo. Ndiyo maana kila jioni ukweli ulimfika kooni, akakutana na lile tabasamu, akaurudisha chini kwa glasi ya maji.

Jumapili moja shemeji yake akaja. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, nesi wa zahanati, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake.

"Shemeji, nyoosha mkono. Na usitunishe msuli, sikuja kukuchumbia."

"Ungenipata wapi? Dada yako aliwahi."

"Aliwahi hasara. Tulia."

Akamvisha kile kitambaa, akajaza upepo, akatazama. Akautoa upepo wote, akajaza tena. Mke wa Springi alisimama mlangoni na taulo mkononi, akilikunja na kulikunjua.

"Tango unakula?" nesi aliuliza.

"Muulize dada yako."

"Dada yangu hakuvaa kitambaa hiki. Nakuuliza wewe."

"Nakula! Kopo linarudi linang'aa."

Nesi akakunja mashine yake taratibu. Safari hii hakutania. "Kama unakula hivyo kweli na presha bado iko huku juu, basi dawa haikutoshi. Jumatano tunakwenda kwa daktari akuongezee. Hili si jambo la kuchekea, shemeji."

"Labda ni kazi," mkewe akasema kwa sauti ndogo. "Anainama sana. Au mimi kuna kitu nakosea kwenye kupika."

Springi akaangalia vidole vya miguu yake. Akajiapiza kwamba kesho ataacha, na ili asiendelee kuutazama uso wa mkewe, Jumatatu alitoka nyumbani kukiwa bado na umande, kwa haraka hata kopo akaliacha mezani.

Alipofika karakana alimkuta Mama Chipsi amekaa kwenye benchi lake, mkono umefungwa bandeji, na pembeni yake amesimama mwanamke mwenye sare ya kijani. Miguuni pao palikuwa na tundu kubwa la chuma lenye mlango wa kujifunga.

"Fundi, njoo uone waliyonifanya hawa wanyama wako wa nyuma!" Mama Chipsi alimaka. "Jana umefunga karakana, wewe umelala kwako. Mimi nakaanga zangu. Mara tumbili huyo, na mtoto tumboni! Anachungulia mlango wako, anazunguka nyuma, anarudi. Akaona hapana mtu, akaja kwangu kama mteja. Akatia mkono kwenye sahani. Nikavuta sahani, naye akanivuta ngozi."

"Pole, mama. Umekwenda zahanati?"

"Nimekwenda. Wameniosha na sabuni mpaka nikadhani wanafua, halafu sindano."

"Ulifanya vizuri kuwahi," alisema yule wa sare, aliyekuwa afisa wa wanyamapori. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu asiyehitaji kupaza ili asikilizwe. Akamgeukia Springi. "Fundi, tumbili wa porini akimwona mtu hukimbia. Huyu hakukimbia. Tena alianzia mlangoni kwako. Kuna mtu amemzoesha mkono wa binadamu. Unamjua?"

"Mimi?" Springi alisema, kana kwamba kulikuwa na watu wengine wengi nyuma yake.

"Nikimjua mtu huyo, akaacha, na mkafunika taka zenu, tumbili watarudi kula majani na matunda yao. Nitabeba tundu langu niende. Nisipomjua, itanibidi nimnase yule aliyeparura, maana ataparura tena, na pengine mtoto wa mtu."

"Ukimnasa unampeleka pori jingine, sivyo?"

"Aliyezoea watu ukimpeleka pori jingine atatafuta nyumba nyingine. Hana pa kupelekwa."

"Sasa inakuwaje?"

"Sindano," alisema afisa. "Na si kama ya mama hapa."

Springi akageuza macho kwenye miti. Hapakuwa na kitu, majani tu. Akakumbuka kifungo cha shati, kile kitoto, kinavyonyoosha mkono kupapasa karoti ambayo hakina meno ya kuitafuna. Kusema kulikuwa kitu kidogo, neno moja tu, kisha tundu lirudi lilikotoka. Mama Chipsi angemcheka mwezi mzima, basi. Akavuta pumzi.

"Afisa," alianza, "ukweli ni kwamba mimi..."

"Baba watoto! Umesahau kopo!"

Mkewe huyo, anahema, kavaa ndara mbili zisizofanana kwa haraka. Akawasalimu wote, akampa pole Mama Chipsi, akaweka kopo kwenye mkono wa kochi uliokuwa bado mti mtupu. "Leo nimekutilia papai. Nimelala nikiwaza, nikasema labda chakula kinakuchosha."

"Ulikuwa unasema, fundi?" afisa akauliza.

Springi akamtazama afisa. Akamtazama mkewe. Akalitazama tundu. Ukweli ukageuka njiani, ukarudi kule kule unakolala kila jioni, na mahali pake ukatoka uongo uliovaa suti.

"Nilikuwa nasema kwamba mimi hao tumbili wananijua!" Akachukua ufagio uliokuwa ukutani. "Afisa, hawathubutu! Wakisikia hatua zangu tu wanatimua mbio mpaka ng'ambo ya kijito. Juzi alikuja dume, limekaa hivi, kifua kama mlango. Nikamwambia, wewe! Likanitazama. Nikainua ufagio namna hii..."

Akauinua. Akapiga hatua mbele, akachezesha mabega, akamfukuza dume lisilokuwapo mpaka kwenye magunia ya sponji. Alipogeuka aliona Mama Chipsi amekodoa macho, mdomo wazi. Akadhani hadithi imemwingia. Akaongeza chumvi, ile aliyokatazwa.

"Likalia! Machozi kabisa! Tangu siku hiyo, tumbili akiniota usiku anaanguka mtini!"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakitazama nyuma yake.

Mgonjwa Mwenza alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, mtoto tumboni, bila wasiwasi wala hodi, kama mwenye nyumba aliyetoka kuchota maji. Akampita afisa. Akampita Mama Chipsi, ambaye alikumbatia mkono wake wenye bandeji. Akapita chini ya ufagio ulioinuliwa wala hakuutazama. Akaparamia kochi, akalivuta kopo mapajani.

Akaligonga pembe kwenye mti. Ko, ko. Akabonyeza kibanio kwa kidole gumba. Akashika sikio la kifuniko, akalivuta kwa ubavu.

Kopo likafunguka.

"Hee!" Mama Chipsi alisema.

"Kopo hilo," mke wa Springi akasema polepole, "mimi mwenyewe nililia nalo siku ngapi."

Tumbili akachagua karoti, akaanza kutafuna, ngozi yake inang'aa kwa afya, hana presha hata chembe.

"Hebu ngoja," Mama Chipsi alisema, akihesabu jambo kichwani. "Mama watoto, yule mteja wa kochi kubwa, yule anayependa chumvi, wewe unamfahamu?"

"Mteja gani?"

Springi alipanua midomo kujibu. Mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja, lakini maneno yalikataa kupita. Mkewe akaangalia mafuta yaliyoganda kwenye kipande cha kitambaa cha mito, pale nyuma ya kochi lililosimama wima. Akaangalia tumbo la mumewe. Alikaa kwenye gunia la sponji, akashika tama, jambo lililomtisha Springi kuliko mashine yoyote ya presha.

Afisa alisukuma mlango wa tundu kwa ncha ya kiatu mpaka ukafunga. Hakuonyesha kushangaa, alionekana tu kama mtu aliyepunguziwa kazi.

"Msimsogelee, acheni amalize aondoke," alisema. "Na isiwe tena baada ya leo, fundi. Hata ganda. Mlango wa nyuma ufungwe, wataudhika siku chache, watazoea. Kopo hilo nalo lisirudi mezani. Magonjwa yao huja kwetu, na yetu huenda kwao."

Mke wa Springi akalitazama kopo ambalo alikuwa akiliosha kila jioni kwa furaha.

"Nimeelewa, afisa," Springi alinong'ona. Akageukia gunia la sponji. "Mama watoto, wallahi, mara moja moja tu. Si kila siku. Huyu ananifananisha na mtu mwingine."

Tumbili alikuwa amemaliza papai. Akafuta vidole kwenye manyoya ya mtoto wake, akashuka kwenye kochi, akaja moja kwa moja mpaka miguuni pa fundi, akamnyooshea kopo tupu.

Na mkono wa Springi, uliokuwa haujasikia kesi inavyokwenda, ukaacha ufagio, ukalipokea kopo, ukabonyeza kibanio na kulifunga kama adhuhuri zote. Ka!

Alipoinua macho, mkewe alikuwa anautazama mkono huo.