Kamera Isiyobisha Hodi

Haya, wewe uliyekaa karibu, nikutegee. Nyumba yangu ina milango miwili. Siku nzima iko wazi, lakini mgeni akibisha hodi tu, yote miwili inajifunga. Ni nini? Usikimbilie kunipa mji. Miji yako baki nayo kwanza, maana kitendawili hiki kilimshinda hata mtoto wa nyumba hiyo kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akibisha.

Mtoto huyo ni mwanamke mzima, mpiga picha wa harusi, mahafali na vitambulisho. Kazi aliirithi kwa marehemu baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Usipepese, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake. Watu walimtii wote, isipokuwa mmoja: mkewe. Fungua albamu ya nyumba ile ukurasa wowote. Siku ya harusi, bwana kakodoa macho, bibi kafumba. Siku ya kumtoa mtoto nje, mtoto kafumbua, mama aliyembeba kafumba. Picha ya kitambulisho ilirudiwa mara nane, mpaka karani akasema, "Mama, nenda tu. Mungu anakujua."

Watu walicheka, naye alicheka nao. "Naona haya," alisema, na yakaishia hapo.

Lakini Alhamisi hii hakuna aliyecheka. Jicho la kushoto la Mama lilikuwa limekwisha kufa mwanga, likabaki na maumivu tu, na daktari alisema litolewe Jumatatu. Mama mwenyewe alikubali bila kelele. "Mpangaji asiyefanya kazi, halafu usiku ananipigia ukuta? Aondoke," alisema. Aliyekosa raha ni binti. Kwa nje jicho lile lilikuwa bado zuri, la kahawia iliyoiva, na chini ya mboni lilikuwa na kidoa cheusi kama punje ya ufuta. Binti alikijua kidoa hicho tangu ananyonya, na hakikuwemo katika picha hata moja duniani. Alikuwa amebakiwa na siku tatu.

"Nataka moja tu, Mama. Macho yote mawili, yakiwa wazi."

"Piga, mwanangu. Nilikukatalia lini? Yanayokataa ni yenyewe."

Walikuwa sebuleni, Mama akichagua vifungo vya mashati ya shule, kazi aliyoletewa na fundi cherehani wa jirani. Pembeni yake alikaa Shangazi, dada yake Bwana Usipepese, aliyekuja kumsindikiza wifi yake hospitali. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na miwili ya maneno.

"Hicho ni nini?" Shangazi aliuliza, binti alipotoa kamera.

"Kamera, Shangazi."

"Nikadhani sabuni! Ya kaka yangu ndiyo ilikuwa kamera. Ukiivaa shingoni, inaingia mlangoni kabla yako."

Kamera ya baba ilikuwa nzito kama tofali, na miaka kumi na mitano ya kuibeba ilimwachia binti bega moja chini, moja juu. Hii ndogo aliinunua siku bega lilipogoma. Ndani haina kile kioo kinachoruka kila unapobofya, ndiyo maana imekonda. Inakuonyesha picha kabla hujaipiga, na giza lake na mwanga wake, kwa hiyo hupigi huku ukiomba dua. Ikiona uso inatafuta jicho yenyewe, inaliwekea kisanduku cha kijani na kuling'ang'ania. Lakini vituko vyake navyo! Inakula betri kama mgeni wa siku ya kwanza, ndiyo maana binti alitembea na tatu mfukoni, zikigongana kama njugu. Ukiiacha dakika moja inasinzia. Ukibadilisha lenzi penye upepo, vumbi linaingia moja kwa moja hadi chumbani. Na harusini watu huitazama, kisha humuuliza, "Mpiga picha mwenyewe anafika saa ngapi?" Yeye hucheka tu. Bega haliumi, na picha zinatoka.

"Moja, mbili, tatu," alihesabu. Kacha! Mama akafumba. Kacha! Akafumba. Picha ishirini, mafumbo ishirini. Kisanduku cha kijani kilitua juu ya jicho, jicho likatoweka, kikahamia puani, na mwisho kikakata tamaa, kikaruka hadi ukutani kwenye picha ya Bwana Usipepese na kutulia pale.

"Ee! Hata kamera inajua nani alikuwa na macho nyumba hii," alisema Shangazi.

"Hebu tumia simu," Mama alishauri. Binti akainua simu, akaizima mlio. Mama aliutazama ule ukucha wa kidole gumba, na ukucha uliposhuka, macho yakashuka nao.

"Wifi, niseme la moyoni," Shangazi alianza, akikusanya vifungo ndani ya kopo la biskuti. "Kaka yangu alikufa akijua unaionea haya kazi yake. Mke wa mpiga picha, hana picha! Watu walisema, na sisi dada zake tulisikia."

Mama alikuwa akitazama dirishani, mbali na kamera, mbali na wote. Shangazi akabana kifuniko cha kopo kwa kiganja. Kacha!

Macho ya Mama yakafumba.

Binti alilielekezea kopo kidole. "Shangazi, hebu lifungue. Sasa libane tena."

Kacha. Yakafumba.

"Mnanichezea kama paka?" Mama aliuliza.

"Mama, kumbe si kamera. Ni mlio! Na ukiona kidole kinashuka, unausikia kabla haujalia." Binti alisogeza kiti. "Kwani ukiusikia, unaona nini?"

Mama aliweka kifungo mezani polepole, akakigeuza upande wenye matundu, akakigeuza tena.

"Kunywa chai yako. Itapoa."

Swali likabaki pale mezani, kati ya vikombe.

Ijumaa binti akairudia kamera kwa adabu mpya. Kwa kuwa haina kioo cha kuruka, ukitaka inanyamaza kabisa: alizima mlio, akazima na kile kitaa kinachomulika kutafuta uso. Akaikunjua skrini ya nyuma ikatazama juu, akaipakata mapajani kama anayechambua maharage. Nje kulikuwa na wingu zito, kwa hiyo waliwasha ile taa ndefu nyeupe ya darini.

"Nipige nisijue," Mama alikuwa amemwambia. "Nikijua, siwezi kuyashika."

Akampiga asijue. Macho wazi! Binti alitaka kupiga kigelegele, mpaka alipoikuza picha. Uso wa Mama ulikuwa na mistari, mweusi, mweupe, mweusi, kama godoro jipya. Kamera hiyo ikinyamaza huisoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na taa kama ile inapepesa upesi kuliko jicho la binadamu linavyoweza kuona, basi kila pepeso huacha alama yake.

"Leo Mama hakupepesa, imepepesa taa," binti alisema, asijue acheke au alie.

"Na mimi mbona mkono umepinda kama ndizi?" Shangazi alichungulia. Alikuwa amepita mbele akipunga kitambaa.

"Ukienda mbio mbele yake kimyakimya, inakupinda, Shangazi."

"Basi ina adabu mbaya kuliko mimi."

Walihitaji jua. Jumamosi mvua ikanyesha kutwa, dirisha likawa kama sufuria lililoungua. Binti alizima taa, akajaribu hivyohivyo, picha zikatoka na chenga, kidoa cha ufuta hakionekani. Usiku alimpangia Mama nguo za hospitali ndani ya mfuko, akaikunja ile khanga ya juu mara tatu, na bado haikumkalia sawa.

Jumapili asubuhi jua likatoka, likaingia dirishani na kulala mezani. Mama alikaa na vifungo vyake. Shangazi aliombwa anyamaze, akakaa kwenye kochi midomo ameibana kama aliyemeza sindano. Binti akapakata kamera. Skrini ikazima. Aliishusha, ikawaka, aliipandisha, ikazima. Kumbe mkunjo wa gauni lake ulisogea kwenye kitundu cha kuchungulia, kamera ikadhani ni jicho linalochungulia, ikahamishia picha humo kitunduni. Akabana gauni magotini. Betri ikaanza kuonyesha wekundu. Akaitoa, akaweka nyingine bila kutazama.

Ndani ya skrini Mama alikuwa ameinama, kope chini. Kisanduku cha kijani kilizungukazunguka kikimtafuta. Muda ukaenda. Hata vifungo vilikaribia kuisha.

Mama akainua uso.

"Mbona mmenyamaza hivyo? Kuna aliyekufa?"

Alimtazama binti yake moja kwa moja, macho yote mawili, jua likiwa shavuni. Kisanduku kikatua juu ya jicho la kushoto, kikakaa. Binti akabofya. Hapakusikika kitu. Akabofya tena, na tena.

"Hapana, Mama. Hajafa mtu."

"Sasa bado hujapiga?"

"Nimeshapiga."

Shangazi akaachia pumzi aliyoizuia tangu alfajiri. "Lete nione! Lete kwanza mwenyewe aone!"

Mama aliipokea ile kamera kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea kifaranga. Akaisogeza karibu na jicho lake zima ili aone vizuri. Skrini ikazima.

"Yarabi, nimeiua!"

"Hujaiua, Mama. Imedhani unachungulia. Basi chungulia kweli, weka jicho hapo kitunduni."

Mama akaweka jicho la kulia kitunduni, na humo ndani, kubwa na angavu, akajikuta anatazamwa na yeye mwenyewe. Macho mawili. Kidoa cha ufuta mahali pake. Alikaa hivyo muda mrefu hata chai ikaacha kufuka moshi. Binti aliona bega la mama yake likipanda na kushuka.

"Kumbe niko hivi," Mama alisema mwisho, bila kuondoa jicho. "Ahsante, mwanangu. Na wewe mdogo," akaipapasa kamera mgongoni, "ahsante kwa kuingia bila hodi."

Shangazi alifuta pua kwa upindo wa nguo. "Wifi, una macho mazuri, sikujua. Nisamehe na mdomo wangu."

Mama akaitua kamera juu ya meza, taratibu, isitoe sauti. Akalivuta kopo la vifungo, akakishika kifuniko chake.

"Uliniuliza naona nini," alimwambia binti yake. "Naona vifuniko kama hiki. Kabla hujazaliwa nilikuwa kiwanda cha makopo, kwenye mashine ya mkono. Hilo unalijua, lakini hukuwahi kuuliza nilishika nini. Kitasa kinalia kacha, halafu kisu kinashuka kwenye bati, na chembe zinaruka. Ukisikia kacha unafumba, au hufumbui tena maisha. Niliyekaa naye benchi moja alichelewa mara moja tu. Mimi sikuchelewa miaka sita, na kwa mshahara wa mwisho nilimnunulia baba yako kamera, ile tofali. Yeye alikuwa anaitamani, mimi ndiye niliyekuwa na mshahara. Akanikalisha kitini, picha yake ya kwanza kabisa, ikalia kacha."

"Kwa nini hukumwambia?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ningemwambia, kila akibofya angesikia kiwanda. Baba yako huyu namjua, mwanangu, asingebofya tena. Na wewe ungekula nini, ungesomea nini? Nikamwambia naona haya. Akacheka, akaendelea kupiga." Alikisukuma kikombe mbele ya binti yake. "Haya, jibu lako ndilo hilo. Na chai imepoa kweli."