Kiajemi cha Jikoni

Kabla ugonjwa wa malale haujamfunga ulimi, Feruzi alimwapisha mkewe jambo moja. "Chausiku, usikubali wanichome ile sindano ya Wadachi mpaka nielewe inafanya nini mwilini." Alikuwa Mwajemi aliyeletwa na biashara, akabaki Rumonge kudarizi kanzu, na kutoka Muhuta hadi Kigwena hakuwa na mpinzani. Chausiku akaapa. Kuapa ni rahisi mgonjwa akiwa bado anakula.

Kisha Kiswahili kikamtoka. Akawa anasinzia mchana kutwa, na akizinduka anaongea lugha ya utotoni, ambayo mkewe hakuijua hata salamu.

Tabibu mmoja Mwarabu wa Ujiji, aliyewaona wengi waliochomwa, alimwandikia Chausiku karatasi ya Kiarabu kueleza dawa ile. Sasa atafutwe wa kuigeuza iwe Kiajemi, tena mtu anayejua mambo ya mwili. Lo! Rumonge ilijaa watu waliohitimu Kurani, lakini ukiwauliza maana ya wanachosoma, wanakohoa. Mwalimu wa chuo alijua Kiarabu, Kiajemi hapana. Mbulushi mmoja wa Nyanza alijua Kiajemi, kusoma hapana. Chausiku alizunguka mpaka miguu ikafa ganzi, na moyo ukafuata. Hata kulia hakulia.

Mwishowe akampata Amuri, mshona kofia wa Kigwena, aliyelelewa kama mtumishi katika nyumba ya Waajemi huko Unguja na kufundishwa Kiarabu na shehe wao. Ya tiba hakuyajua. Lakini mfa maji hukamata maji.

Amuri aliketi kando ya kitanda, akasoma polepole huku akitafsiri. Feruzi aliposikia lugha ya mama yake, machozi yalimlengalenga. Chausiku alikuwa anatazama kidole cha Amuri. Kilifika katikati ya karatasi, kikasita, kikaruka mistari.

"Mbona umeruka, baba?"

"Mama, hapa iko habari ya macho. Anasema hii dawa inaweza kuua mishipa ya ndani, mutu akabaki kipofu." Amuri aliinamisha kichwa. "Kiajemi yangu ni ya jikoni. Upofu nilifundishwa kwa matusi tu. Nikivunja sahani, bibi ananiambia nipofuke. Nikimusomea mugonjwa hivyo, atasema namulaani."

Chausiku angeweza kumalizia mwenyewe. Sindano ya kudarizia ilikuwa pale mkekani. Angeiokota, ajichome mkononi kwa mfano, kisha afumbe macho. Feruzi angeelewa, na angekataa. Alimjua mumewe. Mikono akaiacha mapajani.

"Endelea," alisema.

Amuri akaendelea. Feruzi akatikisa kichwa kukubali.

Wakamchoma, wiki baada ya wiki, katika kambi ya wagonjwa. Usingizi ukampungua, akarudishwa nyumbani. Majirani walikuja kumpongeza Chausiku, naye aliwaitikia bila kuhisi kitu. Alitaka kufurahi, furaha haikuja.

Siku moja alikuwa anakamua mawese uani, jua la adhuhuri likiwaka, akasikia anaitwa kwa jina lake, kwa Kiswahili.

"Chausiku! Nipe sindano na uzi. Tena uwashe taa, mke wangu. Mbona mumeniacha kwa giza?"

Aliingia ndani, mikono imejaa mafuta. Akaifuta. Akawasha taa, akaiweka mbele ya mumewe, akatunga uzi, akampa sindano mkononi.