Muhuri Kwenye Dishi

"Mlaze kwa ubavu wa kushoto," alisema daktari bingwa kwenye video ya simu. "Damu ya namna hiyo bila uchungu, dada, nisikilize vizuri, usi..."

Akaganda. Mdomo wazi, kidole juu. Mkunga aliitikisa simu, akaisogeza dirishani. Wapi! Juu ya bati kulikuwa na vishindo vya miguu.

Alitoka mbio. Fundi alikuwa juu ya paa akilegeza nati za dishi la intaneti ya setilaiti, lililofungwa asubuhi ile ile. Chini alisimama mheshimiwa aliyetoka kulizindua muda si mrefu. Watu walimwita Bwana Mkasi, maana popote penye utepe wa kukatwa hakosekani. Wapiga picha wake walishaanza kupanda gari.

"Mnalipeleka wapi?"

"Zahanati nyingine, mama. Nako tunazindua saa tisa."

"Si mlisema ni letu?"

"Ni lenu. Mengine yako njiani. Miaka michache ijayo, mama yangu, hakutakuwa na mgonjwa asiyeonana na daktari wake. Angani huko setilaiti zimejaa tele."

"Mgonjwa wangu anatokwa damu leo. Daktari alikuwa katikati ya maneno. Niachieni nusu saa tu."

"Ratiba ni ratiba." Bwana Mkasi akamnyooshea karatasi. "Gonga muhuri hapa, tusicheleweshane."

Karatasi ilisema dishi limepokelewa, limefungwa na linafanya kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezalisha wanawake kwa mwanga wa tochi, akaandika barua za kuomba hiki na kile, zote zikapotelea huko huko zilikokwenda. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Muhuri ndio mnaoutaka?" akasema. "Ngojeni."

Alirudi na muhuri wa zahanati na pedi ya wino. Akakusanya gauni lake la kazi mkononi, akapanda ngazi. Fundi alidhani anakuja kumsaidia, akampisha. Mkunga akaugonga muhuri kwenye uso mweupe wa dishi. Akagonga tena, na tena, mpaka jina la zahanati na tarehe ya siku ile vikaenea dishi zima kwa wino wa zambarau.

"Mama, una wazimu?" Bwana Mkasi alifoka.

"Muhuri wenu ndio huo. Kapigeni nao picha."

Walilisugua kwa maji, wino ukazidi kutapakaa. Mheshimiwa akaagiza iletwe spiriti.

"Ipo chupa moja, ya wazazi." Mkunga alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Anayeitaka aanze na mimi."

Fundi aliinama kukusanya spana zake ili asionekane anacheka. Dishi likapakiwa na madoa yake.

"Jiandae kutafuta kazi!" mheshimiwa alimpigia kelele kupitia dirisha la gari.

"Kazi ninayo. Iko kitandani."

Gari liliondoka. Alipoingia ndani, shuka lilikuwa limelowa kuliko alivyoliacha. Mjamzito alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, akimkodolea macho daktari aliyeganda, mdomo wazi, kidole juu.

"Mama," akauliza, "alisema usifanye nini?"